Sifuri za Ijumaa

Mwaka wa 1964, vuli ilipokuwa imeanza kunyesha na mikorosho ikianza kuzaa, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mjane wa mwaka wa nne na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mume wangu alifariki tarehe 3 Machi 1961. Eda yangu ilikwisha Julai ya mwaka huo huo, na Jumatatu tarehe 4 Februari 1963 niliketi kwa mara ya kwanza katika darasa la watu wazima, kwenye dawati lililotengenezwa kwa magoti ya mtoto wa miaka minane. Nazitaja tarehe hizi kwa sababu waliokuwapo huzitaja ovyo. Mmoja husema mambo haya yalitokea mwaka wa Uhuru, mwingine husema yalitokea baada ya Jamhuri, na wote wawili walikuwa wameketi mbele yangu siku yalipozungumzwa.

Shule zilikuwa mbili, zote za umma, zote chini ya baraza moja la wilaya. Ya kwetu ilikuwa chini, upande wa Msambweni, si mbali na bahari: vyumba vinne vya udongo na makuti na kimoja cha mawe ambacho wageni hupelekwa kwanza. Ya pili ilikuwa juu, kuelekea vilimani, maili saba kutoka kwetu kwa njia ya miguu. Ile ya juu ilikuwa na paa la mabati, bustani ya maua iliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na sifa. Sifa hiyo sikupata kumwona mtu aliyeipima. Watu waliipokea kama wanavyopokea habari ya ukubwa wa mji ambao hawajafika.

Jumamosi tarehe 10 Oktoba, kamati ya shule yetu ilituita wazazi katika kile chumba cha mawe. Mkuu wa kamati alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mtu mwenye sauti nzuri aliyeamini kwamba sauti nzuri ni hoja. Alisimama, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akatangaza kuwa ofisi ya elimu imelinganisha mahudhurio ya shule mbili katika muhula wa pili. Ile ya juu imepata tisini na nne kwa mia. Yetu imepata themanini na sita.

"Tisini na nne kwa themanini na sita!" alirudia, kama anayetangaza matokeo ya mpira.

"Tumefungwa manane," mzee mmoja alisema kutoka nyuma, na watu wazima wenye watoto wao katika shule hiyo wakacheka.

Kwa sababu hiyo, shemeji aliendelea, kuanzia Januari madarasa yetu ya juu, la tano na kwenda mbele, yatafungwa, na watoto watahamishiwa shule ya juu, ambako wenzao wanajua thamani ya masomo. Ofisi inawataka wazazi watoe maoni yao mbele ya afisa wa elimu tarehe 7 Novemba, kisha uamuzi utatolewa. Hakuna aliyeuliza swali. Mwalimu mkuu wetu, aliyekuwa ameketi kando kwenye kiti cha kamba, alitazama mikono yake.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la nne. Nilikuwa na mtoto huyo mmoja tu.

Shemeji alinifuata nyumbani baada ya swala ya adhuhuri, akaketi barazani, akakubali kahawa, akakaa nayo muda mrefu bila kuinywa.

"Shemeji," alisema, "maili saba kwenda na saba kurudi, mtoto wa kike. Ndugu yangu angekuwa hai asingekubali."

"Ndugu yako angekuwa hai angeuliza kwanza hizo hesabu zimetoka wapi."

"Zimetoka Kwale."

"Kwale pana mengi. Zimetoka wapi Kwale?"

"Zimebandikwa nje ya ofisi. Kila mtu anaziona."

"Wewe umeziona?"

Alirekebisha kofia yake. "Nimeambiwa."

Kisha akafika alikokuwa anakwenda tangu mwanzo. Kule Vanga kulikuwa na mtoto wa binamu yake, kijana mwenye chombo chake mwenyewe na tabia njema. Msichana akipumzika nyumbani miaka miwili mitatu, akajifunza mambo ya jikoni, patakuwa na la kuzungumza. Hakuna haraka, alisema. Alilisema hilo la haraka mara tatu. Nilimwambia anywe kahawa yake kabla haijapoa, na hiyo ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo kwa ajili yake siku hiyo.

Jumanne tarehe 13 nilipanda basi la alfajiri kwenda Kwale. Nitasema kweli: sikwenda kuitetea shule yetu. Niliziamini zile hesabu. Nilikwenda kutafuta kosa letu ni lipi, maana nilidhani ni watoto wanaopelekwa kuchuma korosho au kubeba samaki, na nilikuwa nimekwisha kuyapanga majina ya wazazi wazembe nitakaowaaibisha. Ukiwazoea majirani zako, orodha ya namna hiyo haikawii kujaa.

Karatasi zilikuwa pale, nje ya ofisi ya elimu, chini ya wavu wa waya, zimebandikwa wazi kwa umma, na umma ulikuwa umeziegemeza baiskeli zake. Niliziondoa baiskeli mbili. Kila shule ilikuwa na karatasi yake: wiki kumi na tatu za muhula zikishuka upande wa kushoto, na siku tano za wiki zikienda kulia, kila siku imegawanywa mara mbili, asubuhi na alasiri. Vipindi kumi kwa wiki. Chini kabisa, kwenye pembe ya kulia, palikuwa na hesabu ya mwisho iliyozungushiwa duara la penseli nyekundu. Karatasi nzima ilikuwa safi isipokuwa pale kwenye pembe, ambapo vidole vingi vilikuwa vimepagusa kupitia tundu la wavu. Hapo ndipo wilaya nzima ilikuwa imesoma.

Nilitoa daftari langu nikaanza kunakili, kutoka juu.

Karani alitoka mlangoni, kijana wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni.

"Mama, unatafuta nini?"

"Nimekwisha kupata."

"Hiyo si bei ya samaki, mama."

"Ingekuwa bei ya samaki ungekuwa umeisoma."

Alicheka kidogo, kwa adabu ya ofisi. "Hesabu iko pale chini. Nikusomee? Tisini na nne, na hii nyingine themanini na sita. Basi. Hakuna haja ya kuandika yote."

"Hizi nyingine mliziandika za nini?"

"Ni utaratibu."

"Basi nami naandika utaratibu. Kula chakula chako, mwanangu, saa sita imekaribia na naona kofia umekwisha kuivaa."

Alikwenda. Kulipokuwa hakuna tena wa kunifundisha, nilifika kwenye safu ya mwisho ya shule yetu, Ijumaa alasiri, nikakuta sifuri. Wiki ya kwanza sifuri. Wiki ya pili sifuri. Nikashuka kwa kidole hadi wiki ya kumi na tatu: sifuri kumi na tatu, moja juu ya nyingine kama shanga. Fikira yangu ya kwanza ilikuwa kwamba karani amechoka mwisho wa wiki akaacha kujaza. Nilimdharau kwa muda wa dakika tano kwa kosa ambalo hakulifanya, na simwombi radhi, kwa kuwa alikuwa na mengine.

Halafu nilikumbuka. Darasa letu la watu wazima lilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa alasiri. Ijumaa shule yetu hufungwa saa tano na nusu watoto waende wakaoge na kuvaa kwa ajili ya swala, na hawarudi. Jambo hilo lilikuwako kabla yangu na kabla ya mwalimu mkuu. Na kila Ijumaa, nikiwahi kufika, nilimkuta mwalimu mkuu huyo peke yake katika chumba cha mawe, bado amevaa kanzu ya msikitini, kofia mkononi, kalamu nyekundu mkononi, madawati matupu mbele yake. Nilidhani anasahihisha madaftari. Nilikuwa nikimwamkia na kumpita kwa heshima. Kumbe alikuwa akiita majina ya watoto ambao yeye mwenyewe amewafungulia mlango, watoto aliosali nao safu moja saa mbili kabla, na kila mmoja akimwandikia kuwa hayupo.

Nikaitazama karatasi ya shule ya juu. Huko nako watoto wengi ni wa Kiislamu, na huko nako hutoka kwenda kuswali, nina jamaa huko na ninajua. Lakini safu yao ya Ijumaa alasiri ilikuwa imejaa. Ilikuwa imejaa kuliko zote. Mtoto aliyekuwa mgonjwa Jumatatu, Jumanne na Ijumaa asubuhi alikuwa mzima Ijumaa alasiri, wiki kumi na tatu mfululizo, hakuna hata mmoja aliyekosekana. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule na sijapata kusikia tena swala ya Ijumaa iliyoponya watu wengi hivyo.

Siku iliyofuata, mchana, nilitandika mkeka nikapiga hesabu. Mgawanyo mrefu nilikuwa nimejifunza miezi minne tu iliyopita, na mara ya kwanza nilikosea, nikapata jibu ambalo lingetufanya sisi kuwa malaika. Nilifuta nikaanza upya. Nilikiondoa kile kipindi cha Ijumaa alasiri katika shule zote mbili, nikabaki na vipindi tisa ambavyo watoto kweli waliketi darasani. Shule yetu ikapata tisini na tano na ushei. Shule ya juu ikapata tisini na tatu na ushei. Nikarudia mara tatu. Binti yangu alikuwa akichambua mchele kando yangu, akaniuliza nani ameshinda. Nikamwambia hakuna mchezo uliochezwa, watu walisoma vibaya tu.

Kazi ngumu ilikuwa mwalimu mkuu. Nilimwendea Ijumaa tarehe 16, na kwa makusudi nilikwenda saa nane u nusu, nikamkuta pale pale, katika hali ile ile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umewahi leo."

"Nimekuja kukutazama ukiandika."

Niliweka daftari langu juu ya kitabu chake cha mahudhurio. Alisoma polepole. Alikuwa mtu mwaminifu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesifiwa kwa uaminifu kwa muda mrefu hata sifa hiyo ikamwekea kivuli machoni.

"Kitabu kinauliza nani yupo," alisema. "Hawapo. Unataka niandike uongo, kama wenzangu wa juu?"

"Sitaki uandike uongo. Nataka usifungue kitabu wakati umefunga shule."

"Sheria ni vipindi kumi."

"Wewe mwenyewe ulikuwa wapi saa saba?"

"Msikitini, safu ya kwanza."

"Umejiandika?"

Nilikuwa mjane na mwanafunzi wake, naye alikuwa mwalimu mkuu, na hakuna kati yetu aliyezoea mimi kuuliza.

"Bibi," alisema hatimaye, "mimi sitacheza na amana. Nikisema vinginevyo mbele ya afisa, nitakuwa nakiri kwamba miaka sita nimeandika makosa."

"Na usiposema, watoto wa kike wa madarasa ya juu watakaa nyumbani ili wewe ubaki na miaka yako sita. Mwanangu ni wa kwanza. Amekwisha kutafutiwa mume Vanga."

Aliniambia darasa la watu wazima linaanza na niende nikaketi. Nikaenda nikaketi. Siku hiyo alitufundisha hesabu za sehemu, na hakunitazama hata mara moja. Nilimpa dharau yangu yote wiki tatu nzima, na nilikuwa nayo ya kutosha, maana mwongo hujua anachokifanya na unaweza kumbana, lakini mtu anayeharibu kwa uchaji hujiona anajenga.

Tarehe 7 Novemba afisa wa elimu alikuja, mtu wa bara, mwembamba, mwenye saa ya mkononi aliyoitazama mara kwa mara. Shemeji alimkaribisha kwa hotuba. Alisema kamati inakubali uamuzi kwa moyo mmoja. Hakueleza moyo huo ni wa nani.

Nilisimama.

"Shemeji, wanawake watasema mwisho," alisema.

"Hapo mwisho wewe utakuwa umekwisha kuamua."

"Hili ni jambo la hesabu, shemeji yangu. Si la maneno."

"Ndiyo maana nimekuja na daftari, nawe umekuja na sauti."

Mama mmoja nyuma yangu alipiga kofi la kicheko. "Mwacheni mama aseme!" Shemeji akageuka kumtafuta aliyesema, akakuta leso nyingi na nyuso zilizotulia.

Afisa aliomba daftari. Sikumpa, nilimsomea. Nilisoma safu ya Ijumaa alasiri ya shule yetu, sifuri moja moja, wiki kwa wiki, mpaka wiki ya kumi na tatu, na nilipofika ya saba hata wale wasiojua kusoma walikuwa wakinitangulia: sifuri, sifuri. Kisha nikasoma ya shule ya juu, nikamwomba aniambie ni dawa gani hutolewa huko Ijumaa baada ya adhuhuri, ili nasi tuiagize.

Afisa aliacha kutazama saa. Alitoa karatasi zake mwenyewe kwenye mkoba, zile zile, na nikaona kwamba naye alikuwa hajapata kutazama juu ya ile pembe. Akamgeukia mwalimu mkuu.

"Mwalimu, Ijumaa alasiri shule yako ipo?"

Kila mtu alimtazama. Mimi sikumtazama, nilitazama mlango, kwa kuwa nilikuwa na hakika nimekwisha kumjua.

"Haipo," alisema mwalimu mkuu. "Huwa nimeifunga mwenyewe."

"Basi hizi sifuri umezihesabu katika nini?"

"Katika kosa langu. Miaka sita."

Aliyasema akiwa amesimama, kofia mkononi, mbele ya wazazi aliowafundisha baadhi yao. Alieleza kila kitu, hata kule kuita majina katika chumba kitupu, na watu wakacheka, na hakuwazuia. Mimi sikucheka. Dharau niliyomwekea haikuwa na pa kukaa tena, nikaihamishia yote kwa shemeji, ambako palikuwa na nafasi.

Shemeji naye alisimama haraka. "Bwana afisa, hili nami nililishuku tangu mwanzo."

"Ulilishuku wapi?" nilimwuliza. "Kwenye kikaratasi, au Vanga?"

Afisa alisema atakwenda kukagua na jibu litakuja kwa maandishi. Alinakili hesabu zangu katika karatasi yake, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, humu humu, saa tisa alasiri, na Ijumaa nilikuwapo.

Jibu lilikuja Alhamisi tarehe 26 Novemba 1964, barua moja yenye muhuri wa ofisi. Mwalimu mkuu aliisoma mbele ya wazazi wachache waliokuwa na muda. Ilisema madarasa ya juu ya shule ya chini yataendelea. Kwamba Ijumaa alasiri haitahesabiwa kwa shule yoyote ambayo hufunga kwa swala. Na kwamba mwalimu mkuu ameonywa kwa uzembe wa utunzaji wa vitabu. Sentensi hiyo aliisoma kwa sauti ile ile aliyosomea nyingine. Kuhusu mwalimu mkuu wa shule ya juu, aliyewaponya wagonjwa kila Ijumaa, barua haikuwa na neno. Nilimwomba barua nikaisoma mwenyewe, mara mbili, nikihakikisha sikuruka kitu. Hakukuwa na kitu. Ofisi ilikuwa imemwadhibu aliyeandika alichokiona, ikamwacha aliyeandika alichotaka, na ikapiga muhuri.

Shemeji alikuwa nje akiwapokea watu wanaompongeza kwa juhudi za kamati. Nilimsikia akisema tulipambana. Sikutoka.

"Mwalimu," nilisema, "andika orodha ya darasa la tano la Januari."

"Januari bado mbali, Bibi."

"Naijua tarehe. Andika."

Alifungua kitabu kipya, akachora mistari kwa rula, akachovya kalamu katika wino mweusi. Aliniuliza jina la mtoto kama asiyelijua, kwa utaratibu, nikamtajia, nikamtajia na mwaka wake wa kuzaliwa, mwezi na siku. Aliliandika jina lake katika mstari wa kwanza. Nilisimama hapo hadi wino ulipokauka.